Usipige Windows, Bangua Kerneli

Nimechoka. Nimechoka na neno moja tu ambalo mafundi kompyuta wa mji huu wa Mtwara, na wa miji mingine yote ya nchi hii, wamelifanya kuwa panadol ya kila ugonjwa: "Tufomati." Kompyuta nzito? Tufomati. Ina virusi? Tufomati. Imegoma kuwaka? Tufomati, tupige Windows upya, uje jioni kuichukua.

Hilo kwa mafundi nimeshalizoea. Kinachoniudhi zaidi ni kulisikia neno hilohilo vinywani mwa wasomi, vijana wenye digrii, waliojifunza Linux kwa jasho lao wenyewe. Kijana anapakua msimbo wa kerneli, anakesha akiikompaili, asubuhi anawasha mashine na kukutana na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Basi, roho inamtoka. Anatafuta flashi, anafuta diski nzima, anaanza moja. Hata ile sentensi moja ambayo mashine ilimwandikia pale kwenye skrini hakuisoma!

Nasema hivi: anayefomati mashine iliyokataa kuwaka baada ya kukompaili kerneli ametupa somo zuri kuliko mengi aliyolipia ada chuoni. Na taifa linalolea tabia hiyo litabaki kuwa taifa la kununua.

Kwa ambao hawajui, kerneli ndiyo kiini cha mfumo wa uendeshaji. Inakaa katikati ya vyuma na programu. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za prosesa, inayozungumza na diski, kibodi na modemu. Ile ya Linux iliandikwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyeitangaza mwezi Agosti 1991 akiwa na miaka 21. Leseni yake inakuruhusu kuuchukua msimbo wote, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Yaani hakuna mlango uliofungwa.

Sasa jamani, Waingereza wanaliita kwa neno hilohilo lile tunda jeupe lililo ndani ya ganda la korosho. Sisi huku tunaita korosho karanga. Je, kuna mtu yeyote wa kusini anayehitaji kuelezwa tofauti ya korosho ghafi na korosho karanga? Tumekuwa tukipakia ghafi kwenye meli miaka nenda rudi, zikabanguliwe India na Vietnam, ajira zibaki huko, sisi tugombanie bei ya ghalani. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi vilikufa, vingine vikageuzwa maghala. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini kwenye kompyuta tunafanya vilevile kwa hiari yetu. Tunapewa kitu kimebanguliwa tayari, tunakitafuna, na siku kikiharibika tunaomba tuletewe kingine.

Kukompaili kerneli ni kubangua. Na anayebangua lazima mikono imuungue kidogo. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi, kila mama aliyewahi kubangua Newala au Tandahimba atakwambia. Hajawahi kuacha kubangua kwa sababu hiyo. Anapaka majivu mikononi, anaendelea.

Basi tuyapake majivu. Nitaeleza hapa majibu ya ile skrini nyeusi, maana ni rahisi kulaumu watu bila kuwaonyesha njia.

Kwanza uelewe kwamba kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana vijiti. BIOS au UEFI inaamka, inampa kijiti GRUB. GRUB anapakia kerneli pamoja na kifurushi kinachoitwa initramfs. Kifurushi hicho kina draiva za kuiwezesha kerneli kuifikia diski. Kerneli inafungua mfumo wa faili wa mzizi, kisha inampa kijiti mchakato wa kwanza, ambao siku hizi mara nyingi ni systemd. Mashine ikigoma, swali ni moja tu: kijiti kimeanguka mkononi mwa nani? Ukilijua hilo umemaliza nusu ya kazi, na utagundua kwamba mafaili yako hayajaguswa kabisa. Yamekaa salama kwenye diski yakisubiri mlango ufunguliwe.

Kanuni ya kwanza, ambayo inatangulia zote: usifute kerneli ya zamani. Kerneli mpya haihitaji kuua ya zamani, zinakaa pamoja ndani ya /boot. Mpya ikigoma, zima, washa, shikilia Shift (au gonga Esc kwenye mashine za UEFI), menyu ya GRUB itokee, ingia sehemu ya "Advanced options", chagua kerneli ya jana. Umerudi ndani! Dakika moja. Mtu anayelijua hili peke yake hana sababu ya kufomati tena kwa kosa la kerneli.

Kanuni ya pili: soma. Kwenye menyu hiyohiyo bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, futa maneno quiet na splash. Hayo ndiyo yanayoficha maneno ya mashine nyuma ya picha nzuri. Kisha bonyeza Ctrl na x, mashine iseme yote. Piga picha skrini kwa simu. Fundi wa pikipiki pale Magomeni anasikiliza injini kabla ya kushika spana. Wewe mwenye digrii unaogopa kusikiliza?

Sasa tuje kwenye sentensi zenyewe.

Maarufu kuliko zote ni hii: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Watu wakiona "Kernel panic" mbele yake wanadhani mashine imekufa. Haijafa. Kerneli inakwambia kwa adabu kabisa: nimeamka, nimetafuta diski yenye mfumo wa faili, sijaiona. Sifuri hizo mbili ndizo ushahidi. Maana yake hakuna kifaa chochote ilichokitambua. Sababu huwa ni mbili: ama initramfs haikutengenezwa, ama draiva ya kidhibiti cha diski haikuwekwa. Rudi kwenye kerneli ya zamani, angalia ndani ya /boot kama kuna faili la initrd lenye namba ya kerneli yako mpya. Kama halipo, kwenye Debian na Ubuntu unaandika update-initramfs -c -k ikifuatiwa na namba ya toleo, kisha update-grub. Kama lipo, fungua faili la .config uangalie CONFIG_BLK_DEV_INITRD, CONFIG_SATA_AHCI, CONFIG_BLK_DEV_SD, au CONFIG_BLK_DEV_NVME kwa mashine mpya.

Lakini kama namba zinasomeka (8,1), hadithi inabadilika. Nane ni namba ya familia ya diski za sd, na moja ni kigawanyo cha kwanza cha diski ya kwanza. Yaani diski imeonekana, kilichokosekana ni lugha ya mfumo wa faili. Angalia CONFIG_EXT4_FS. Umeona? Tarakimu mbili ndani ya mabano zimekuonyesha chumba cha kuingia. Huyo mnayemwita fundi alikuwa anataka kubomoa nyumba.

Ya pili ni pale mashine inaposimama kwenye alama ya (initramfs) na kusema kwamba UUID fulani "does not exist". Hapo kifurushi kimepakiwa, ila ndani yake hakuna draiva ya diski yako, au UUID iliyoandikwa si yenyewe. Andika blkid. Isipoonyesha diski yoyote, tatizo ni draiva. Ikionyesha diski yenye namba tofauti, sahihisha mstari wa root= kwenye GRUB. Na wale wanaopenda kukompaili kila kitu ndani ya kerneli wasitumie initramfs, wakumbuke kwamba kerneli peke yake haiijui UUID ya mfumo wa faili. Inajua PARTUUID, au jina la kawaida kama /dev/sda1. Wengi wamelia hapo.

Ya tatu inawakumba wenye diski iliyogawanywa kwa ubahili. Moduli za kerneli uliyoikompaili mwenyewe mara nyingi hubeba taarifa za utatuzi zinazozinenepesha mno. Initramfs inavimba, /boot inajaa, faili linaandikwa nusu. Dawa ni kuandika make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install, na kutazama df -h kabla ya yote.

Ya nne: GRUB inasema "bad shim signature". Hiyo ni Secure Boot. Kerneli yako haina saini, na UEFI inakataa mgeni asiye na barua. Ama uisaini kwa sbsign na kuusajili ufunguo wako kwa mokutil, ama uzime Secure Boot. Na usidhani hili ni la wachokozi tu wanaojikompailia. Mwezi Agosti 2024 sasisho la Windows lilifanya mashine nyingi zenye Windows na Linux pamoja zigome kuwaka upande wa Linux. Wenye mashine hizo hawakuwa wamekompaili chochote.

Ya tano ni giza tupu. Taa ya diski inapepesa ila skrini haisemi kitu. Mara nyingi hiyo ni draiva ya picha. Ongeza nomodeset kwenye mstari wa linux ujaribu tena.

Ya sita ni yetu sisi wa huku. Nyumbani kwa gesi, gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, umeme nao hukatika bila hodi. Ukikatika katikati ya kukompaili, make inaendelea pale ilipoishia, lakini baadhi ya mafaili yanaweza kubaki na ukubwa wa sifuri. Usibahatishe, andika make clean uanze upya. Ukikatika wakati initramfs inaandikwa, itengeneze tena. Na kwa laptop zetu zenye kumbukumbu ndogo, make localmodconfig inapunguza kazi kutoka saa nyingi hadi chache kwa kuchukua moduli zinazotumika wakati huo tu. Ila wakati huo tu! Chomeka modemu, flashi na printa kwanza, la sivyo utapata kerneli isiyovijua.

Nimeeleza sita. Je, kuna hata moja iliyohitaji kufuta diski?

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanichoma kiasi hiki. Mwandishi mwenzangu alikuwa na laptop yenye rekodi za sauti za wavuvi wa Msimbati, wazee waliokuwa wanaeleza maisha yalivyobadilika tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipoanzishwa mwaka 2000. Wiki tatu za kazi. Alikuwa amekompaili kerneli ili draiva ya modemu yake ifanye kazi, mashine ikagoma. Akaipeleka dukani. Fundi akaitazama kwa sekunde chache: "Kaka, hapa ni kufomati tu." Alipouliza kuhusu mafaili, akajibiwa kwamba hayo yameshapotea. Yameshapotea! Kwa bahati akaondoka nayo. Tuliwasha kerneli ya zamani, tukakuta /boot imejaa asilimia mia. Tukafuta mabaki, tukatengeneza initramfs upya, ikawaka. Chai tuliyoagiza ilikuwa bado ya moto.

Yeye aliponea. Binti mmoja wa chuo hapa mjini hakuponea. Data za utafiti wake wa mwaka wa mwisho zilifutwa kwenye duka jingine kwa kosa ambalo mpaka leo hakuna anayelijua, kwa sababu kilichofutwa hakichunguzwi. Hilo ndilo dhambi kubwa la kufomati. Linaua mgonjwa na kuchoma faili lake palepale. Kesho ugonjwa uleule ukirudi, hakuna aliyejifunza chochote.

Najua hoja za upande wa pili. Kuna wanaosema: "Mshikaji, siku hizi nani anakompaili kerneli? Ubuntu inakuja na kila kitu." Ni kweli, kwa kazi za kila siku huhitaji. Hata mimi sikushauri ukompaili mashine ya ofisini siku ya kufunga ukurasa. Lakini hata kuchonga kinyago huhitaji, vya kununua vipo. Swali ni kama unataka kubaki mnunuzi maisha yako yote. Na mahitaji yapo pia: modemu ya bei nafuu isiyo na draiva, laptop ya mtumba yenye kumbukumbu kiduchu. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Tuzitupe? Au tuzipe Linux, na tuwe na watu wa kuzishughulikia zikigoma?

Wengine wanasema fundi naye anataka kula, na kufomati ni haraka. Sawa, ale. Lakini daktari akikukata mguu kwa sababu kukata ni haraka kuliko kutibu, utamlipa?

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: maneno yale ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Hapo ndipo wasomi wetu wanapotakiwa kuona aibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2005 mpaka 2011 Ubuntu ilikuwa ikituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu! Mlango ulikuwa wazi. Tukatafsiri menyu, tukaacha sentensi za makosa. Tukampa Mswahili usukani kwa lugha yake, tukamnyima lugha ya kueleza gari limeharibika nini.

Na tusidhani tabia hii imeanzia kwa mafundi wa mitaani. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilipoharibika, huku ikitegemea wataalamu wa kigeni, serikali haikukaa chini kusoma kosa. Mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kulegeza kamba kulianza miaka ya 1980. Hiyo ndiyo fomati kubwa kuliko zote. Tulifuta diski ya nchi nzima, na wenzetu waliokuwa wakisoma makosa yao wakatuacha.

Waliobaki ng'ambo wakisoma nao hawajaacha kuanguka. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani, ndege zikalala viwanjani. Programu hiyo inafanya kazi ndani kabisa, kwenye kerneli. Dawa ilikuwa nini? Kufomati? Hapana. Ilikuwa kuwasha mashine katika hali salama, kufuta faili moja, kuwasha tena. Mashine moja moja, kwa mikono ya watu waliojua kijiti kimeangukia wapi.

Utaniambia Google ipo, kila kitu kitatafutwa hapo. Umesahau tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikaporomoka nchini? Siku kama hiyo utamuuliza nani? Msimbo wa kerneli una folda inayoitwa Documentation, ndani yake mna maelezo ya karibu kila kitu, na haihitaji kifurushi cha data. Ni nani kati yenu mliokompaili amewahi kuifungua?

Ninachotaka ni vitu vitatu tu. Vyuo vinavyofundisha kompyuta viache kumpa mwanafunzi mtihani wa kutaja sehemu za kompyuta. Mpeni mashine isiyowaka, mpeni saa mbili, na sharti moja: asifute kitu. Mafundi, kabla hamjafomati, andikeni kwenye karatasi kosa lililosomeka kwenye skrini na mpeni mteja. Mkishindwa kuliandika, hamna haki ya kufuta. Na sisi tunaojua kidogo, tuandike maana ya makosa haya kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, hata kama kila mmoja ataandika matano tu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, usiku wa leo kompaili moja. Kwenye CONFIG_LOCALVERSION andika -mtwara, au jina la kijiji chenu. Ikigoma asubuhi, usikimbie. Huku Umakondeni tunaishi na wachongaji, na wahenga walishamaliza: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.